Zamu ya Kufuta Ubao

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2011, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuangalia saa, nikapiga hesabu kwamba nina karibu saa mbili nzima kabla Bibi anayetunza shule hajafika. Nikachovya kitambaa kwenye ndoo, nikakikamua, nikafuta ubao.

Niliufuta vizuri, na hapo ndipo aibu yote ilipo. Ningekuwa mvivu ningepitisha kitambaa mara moja nikaacha nusu yake. Lakini chaki ile ilikuwa sugu, imeshika kwenye mbao kama imepakwa rangi, nami nikaona kama inashindana nami. Nikaenda kubadilisha maji. Nikarudi nikasugua mara ya pili, kuanzia juu kwenda chini, kama nilivyofundishwa, ili maji machafu yasichirizike pale palipokwisha kuwa safi. Nilipomaliza, ubao ulikuwa mweusi kabisa, nikajisikia raha. Nikaanza kudeki sakafu huku naimba kimoyomoyo.

Shule yenyewe iko mwisho kabisa wa Rexdale, kitongoji chetu huku ughaibuni, nyuma ya maghala, upande ambao ndege zinapita chini kiasi cha kuonyesha magurudumu. Ni chumba kimoja cha magogo. Wafini walioijenga walihamia huku wakati eneo lote lilikuwa mashamba ya viazi na ng'ombe. Walichonga magogo kwa shoka, wakayakata ncha zake hivi kwamba kwenye pembe yanashikana kama vidole vya mtu aliyefumbata mikono, wala hakuna msumari. Siku za wiki watoto wao walisoma kwa Kiingereza kama serikali ilivyotaka, na Jumamosi walirudi humo humo kusoma lugha ya kwao. Halafu ikajengwa shule kubwa ya matofali, mabasi yakaja kuchukua watoto, hii ikafungwa. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mashamba yaliuzwa, yakaota maghala. Wanafunzi wa mwisho waliobaki, ambao sasa ni wazee, ndio wanaoitunza.

Mama yangu anafanya kazi kwenye ghala moja la pale, anafunga mizigo. Siku moja wakati wa mapumziko alizunguka nyuma ya maegesho ya malori ili anyooshe miguu, akaikuta. Getini palikuwa na karatasi inayotafuta vijana wa kujitolea. Kwa sekondari zetu za huku huwezi kuhitimu bila saa arobaini za kujitolea. Wenzangu walizimaliza kwenye kambi za watoto na nyumba za wazee, mahali pa kuongea na watu. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa shule na saa zangu zilikuwa sifuri.

"Nimekupatia mahali pako," mama alisema usiku ule akivua viatu. "Nyumba ya magogo na bibi mmoja. Hata wewe huwezi kuona haya mbele ya magogo."

Bibi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa darasa lile la mwisho. Ni mwembamba, nywele nyeupe kakata fupi kama mwanajeshi, na anavaa mabuti ya mpira hata kukiwa na jua. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo wangu ulikataa. Mtu wa umri ule, jina lake la kwanza nalianzia wapi? Nikamwambia nitamwita Bibi, nikamweleza maana yake, na kwa siku hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote. Akafikiri kidogo. "Bibi," akasema. "Sawa. Fupi."

Siku ya kwanza, Jumatano, aliniagiza haraka haraka: kufagia, madirisha, kuni, vikombe viko kabatini. Halafu simu yake ikaita, akatoka nje nayo, akaniacha nimekaa kwenye dawati la nyuma. Mimi nikiachwa mahali pa watu huwa natoa daftari langu la kumbukumbu na kuandika, kwa sababu watu hawamsemeshi mtu anayeandika. Siku hiyo sikuwa na la kuandika, nikanakili ubao. Upande wa kulia palikuwa na sentensi nne za Kifini, upande wa kushoto hesabu kadhaa. Sentensi zilinipendeza. Karibu kila neno liliishia na irabu, nikaweza kuzisoma kwa sauti ndogo bila kujua hata moja ilisema nini. Hesabu niliziacha. Hakuna mtu anayenakili hesabu kwa hiari.

Nilidhani Bibi ndiye aliyeandika, labda kwa ajili ya watoto wanaotembelea. Nani angefikiri kwamba chaki inaweza kukaa ukutani miaka hamsini? Bibi naye hakuniambia kitu. Baadaye alisema hakuona haja ya kuniambia, kama vile huhitaji kumwambia mgeni asile mishumaa.

Na ningejuaje? Nimesoma shule ya msingi Iringa hadi darasa la tano. Kule tulikuwa tunawahi namba alfajiri, yaani kuhesabiwa kadiri mnavyofika, wengine wanafagia uwanja, wengine wanadeki, na aliye na zamu ya darasa ni lazima ahakikishe mwalimu anakuta ubao mweusi tii. Mwalimu akikuta hata tarehe ya jana, mmekwisha. Kwa hiyo Bibi aliposema Jumamosi saa nane mchana wanakuja wanafunzi wote wa zamani waliobaki, wengine wanasafiri kwa gari kwa muda wa saa tano, na tukae nao kunywa kahawa, mimi nikaelewa kitu kimoja: wageni wanakuja, shule ing'ae. Nikapanda basi la kwanza la barabara ya Kipling, nikachukua ufunguo chini ya ndoo ya maua kama alivyonielekeza, nikaanza kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Karibu na saa mbili na nusu, nikiwa nimepiga magoti nadeki chini ya dawati la mwalimu, nikaona kadi imeanguka nyuma ya mguu wa dawati. Gundi ya utepe wake ilikuwa imekauka. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIGUSE UBAO. SOMO LA MWISHO LA SHULE HII, KAMA MWALIMU WETU ALIVYOLIACHA.

Nilisoma mara tatu. Kiingereza changu si kibaya, lakini nilitumaini nimekosea. Nikainuka nikautazama ubao. Ulikuwa bado na unyevunyevu pembeni.

Nitasema kweli yote, kwa sababu hata kwenye daftari niliandika kweli yote. Wazo la kwanza halikuwa kumwambia Bibi. Wazo la kwanza lilikuwa kukimbia, kwenda kusimama kwenye mlango wa ghala hadi mama atoke. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Daftari lilikuwa ndani ya begi. Chaki ilikuwa ndani ya mtoto wa dawati.

Nikaandika. Nilisimama juu ya kiti, daftari mkono wa kushoto, nikajaribu kuiga mwandiko ambao sikuwa nao tena mbele yangu. Ulikuwa mwandiko wa kulala, mwembamba. Wangu ni wa mviringo, ule wa daftari la mistari minne. Sentensi ya kwanza ilitoka kama imeandikwa na mtoto wa darasa la pili, na nyeupe mno, nyeupe kama meno. Nikafuta, nikaandika tena. Nilipomaliza zote nne nikarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Ziling'aa. Hapo ndipo nilipofungua jiko la kuni, nikachota jivu kwa kiganja, nikalipuliza juu ya ubao ili maneno yazeeke.

Hayakuzeeka. Yalichafuka tu. Na upande wa kushoto, mahali pa hesabu, palikuwa patupu.

Bibi alifika saa nne kamili na kikapu cha mikate mitamu iliyosukwa kama nywele. Miwani yake ilikuwa inaning'inia shingoni. Alitazama sakafu, akatazama madirisha. "Umefika saa ngapi wewe?" akauliza. "Sakafu hii haijawa hivi tangu nizaliwe." Ubao aliupita tu bila kuugeukia, akaenda kupanga vikombe.

Kuanzia hapo hadi saa sita nilipanga viti, nikafuta vikombe vilivyokwisha kufutwa, nikakata mikate. Mikate ile ilinukia iliki, kama maandazi ya mama siku ya Krismasi, na harufu hiyo ilinitesa, kwa sababu ilikuwa harufu ya nyumbani na mimi nilikuwa nimekaa kama mwizi. Kila Bibi akipita karibu na ubao nilijifanya natafuta kikombe. Yeye siku hiyo alikuwa mwenye furaha, anaongea kuliko Jumatano. Aliniambia juu ya wageni mmoja mmoja. Fulani hasikii vizuri. Fulani amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na huenda mwakani asiweze safari. "Wanakuja kunywa kahawa," akasema, "lakini kweli wanakuja kutazama ule ubao. Wanasimama pale mbele, hawasemi kitu. Halafu wanaenda kula."

Alikuwa anasema hivyo akinipa mgongo. Kama angekuwa ananitazama nisingeweza.

"Bibi," nikasema. "Nimeufuta."

"Umefuta nini?"

"Ubao. Asubuhi. Nilidhani ni uchafu."

Aligeuka. Akavaa miwani. Akaenda mbele polepole, mabuti yake yakilia kwenye sakafu yangu safi, akasimama umbali wa pua. Alisoma sentensi zote nne. Halafu akagusa ubao kwa kidole kimoja, akakitazama kidole.

"Hiki nini?"

"Jivu."

"Jivu la nini?"

"La jiko. Ili ionekane ya zamani."

Alitoa sauti ambayo sikujua ni ya nini. Akatoka nje. Baada ya muda nikasikia shoka kwenye banda la kuni. Mama yangu akikasirika anapika, shangazi yangu akikasirika anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu. Bibi alikuwa anapasua kuni, mwezi wa nane, jua limewaka. Nilisimama palepale na kisu cha mkate mkononi. Nilihesabu mapigo hadi ishirini na kitu. Nilijiambia nichukue begi niende, lakini sikwenda.

Alirudi amekumbatia kuni, akazipanga vizuri pembeni mwa jiko ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo. Akakung'uta mikono.

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye dawati la mbele, magoti yakaligonga kwa chini. Yeye akakaa kwenye dawati la pili, si kwenye kiti cha mwalimu.

"Ule mwandiko haurudi," akasema. "Nataka ulijue hilo. Sina barua yake, sina picha yake. Nilikuwa na ule mwandiko tu."

"Samahani, Bibi."

"Ndiyo. Kwa nini uliona ni uchafu?"

Nikamwambia juu ya Iringa. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia juu ya namba, na fagio, na mwalimu wa zamu aliyekuwa anapitisha kidole ubaoni kutafuta vumbi la chaki. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na huko kwenu," akauliza, "asiyefuta ubao zamu yake ikifika anafanywa nini?"

"Anachapwa. Au anamwagilia bustani wiki nzima."

"Hapa alikuwa anabaki saa moja baada ya wenzake kuondoka, anapanga kuni. Tulikuwa na zamu. Orodha ilikuwa pale, kando ya mlango." Alionyesha msumari mtupu. "Siku ya mwisho haikuwa Jumamosi, ila mwalimu aliandika Kifini kwa kuagana, na kulikuwa na joto kama leo. Mwalimu alipiga kengele, watoto wote wakakimbilia kijitoni kuogelea. Nikasikia wanarusha maji. Nikasema nitafuta kesho."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa.

"Ilikuwa zamu yako?"

"Ilikuwa zamu yangu. Na kesho hapakuwa na shule. Imeandikwa palepale ubaoni, sentensi ya mwisho: kesho hakuna shule. Nilikuwa nimeisoma kwa sauti pamoja na wenzangu, na bado nikasema nitafuta kesho." Sasa ndipo nilipoitambua ile sauti ya kwanza. Alikuwa anacheka, ila kicheko chake kilitokea puani na kilikuwa na machozi ndani yake. "Watu wakaanza kusema mwalimu alituachia somo lile kama kumbukumbu. Ikatolewa hotuba. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye mlango ule nikawaambia wageni hivyo, mwaka baada ya mwaka, kwa mdomo huu. Ile kadi niliandika mimi."

Nje ndege ilipita, vikombe vikatetemeka kwenye visahani.

"Kwa hiyo umefanya kazi yangu," akasema. "Umechelewa kidogo."

Nilicheka kabla sijajizuia. Halafu akainuka na kusema jambo lililonikata kicheko: kwamba wageni wakifika nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye atasema la kwake.

"Bibi, anza wewe."

"Hapana. Hapa darasa dogo lilikuwa linasoma kwanza. Ndivyo ilivyokuwa."

Wageni walikuwa kumi na mmoja. Waliingia taratibu, wengine na fimbo, wakivua kofia mlangoni, na wakafanya kama Bibi alivyosema: walielekea mbele. Nikawaona wanasimama. Nikamwona mzee mmoja mrefu mwenye kifaa cha kusikia anapangusa macho, anatazama upande wa kushoto, anapangusa tena.

Na mama yangu akachagua dakika hiyo kuingia. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa fulana yake ya kung'aa ya ghalani, na kontena la maandazi mkononi. Alikuwa amekuja kunichukua. Akakaa nyuma.

Bibi aligonga kikombe kwa kijiko. "Msichana huyu ana jambo," akasema, kisha akakaa.

Sijawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya watatu. Kanisani nikiambiwa nisome somo huwa naumwa. Nilisimama mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu, nikaanza.

"Sauti, mwanangu," mama akasema kwa Kiswahili kutoka nyuma. "Huku hatusikii."

Nikaanza upya. Nikasema nimefuta ubao nikidhani nafanya usafi, kwamba sikuiona kadi, kwamba sentensi hizi ni mwandiko wangu na nilipaka jivu ili kuwadanganya, na kwamba hesabu sikuzinakili kwa sababu sipendi hesabu. Nikasema samahani. Zaidi ya hayo sikuwa na kitu. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Mwanamume wa karibu naye alishusha pumzi ndefu, akatazama sakafu.

Yule mzee mrefu ndiye aliyeongea kwanza. "Hesabu zote zimekwenda?"

"Zote."

"Hata saba mara nane?"

"Hata hiyo."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Binti," akasema, "umeniokoa. Siku ile niliitwa mbele, nikaandika hamsini na nne. Hawa watu wamenicheka tangu nina miaka kumi na mbili. Walinicheka kwenye harusi yangu! Sasa ushahidi uko wapi?"

"Tunakumbuka!" sauti tatu zikajibu pamoja.

"Thibitisheni!"

Chumba kikapasuka kwa kicheko, na hapo hapo Bibi akasimama, kabla kicheko hakijaisha, kama mtu anayeruka majini wakati wenzake wameshaingia. Akasema la kwake. Kwamba mwalimu hakuacha chochote, kwamba ilikuwa zamu yake naye akaenda kuogelea. Walimtazama. Yule mwanamke aliyekuwa ameziba mdomo akasema, "Nilikuwa najua. Ulikimbilia kijitoni pamoja nasi, na kitambaa umekiacha kikavu darasani."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uone haya mwenyewe. Umechukua muda."

Kisha wakataka ubao wao. Walinirudisha juu ya kiti. Walinifanya nifute jivu langu na sentensi zangu, halafu daftari likapita mikononi mwao, wakabishana. Nilikuwa nimeziruka nukta mbili za juu ya baadhi ya herufi zao, nikidhani ni mabaki ya chaki, na ng'ombe wa sentensi ya pili hakuwa na nukta zake. Walinieleza maana ya zote: kiangazi kinakuja, ng'ombe yuko uani, mama anaoka mkate, kesho hakuna shule. Kila sentensi aliiandika mmoja wao kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu walizikumbuka kwa kugombana, tano au sita, hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Ya mwisho, mzee mrefu akachukua chaki mwenyewe. Akaandika saba mara nane, akageuka kutazama watu wote, akaandika hamsini na nne.

"Iwe kama ilivyokuwa," akasema.

Mama alikuwa ameshafika mbele na maandazi yake. Wafini walinusa iliki, wakamtazama, wakauliza mapishi. Mama naye akaonja mkate wao, akatafuna kwa makini kama mkaguzi. "Unga wao wameuacha uumuke vizuri," akaniambia. "Sukari ndiyo wameogopa."

Bibi akauliza kama anaweza kupewa ule ukurasa wa daftari, uwekwe kwenye fremu kwa sababu sasa ndio nakala ya pekee. Nikauchana kwa furaha. Ukiwa tayari mkononi mwake ndipo nilipokumbuka kwamba nyuma yake kuna niliyoandika usiku wa Jumatano hiyo hiyo. Bibi akaugeuza.

"Na huku pameandikwa nini?"

Nikamtazama mama. Mama akauchukua ukurasa, akausoma, nikaona midomo yake inabana. Nilikuwa nimeandika: Bibi huyu anaongea kama anaamrisha mchakamchaka. Ana uso wa mtu aliyeramba ndimu. Sidhani kama ananipenda, lakini mabuti yake nimeyapenda.

"Anasema," mama akatafsiri taratibu, kwa Kiingereza chake cha kanisani, "wewe ni mwenye nidhamu. Na mabuti yako ni mazuri."

"Maneno ni mengi kuliko hayo," Bibi akasema.

"Kiswahili ni lugha ndefu," mama akajibu.

Kwenye basi la kurudi mama alikaa na kontena la maandazi mapajani. Karibu na kituo chetu akanipiga kikumbo kidogo cha bega. "Uso wa mtu aliyeramba ndimu," akasema, akacheka hadi watu wakageuka. "Nilisikia kila neno, mwanangu. Hata nyuma kule. Nilisikia vizuri sana."

Usiku ule nililala bila kuandika, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, niliamka mapema. Ibada yetu inaanza saa tano, nikamwambia mama nitamkuta huko. Nikachukua nyundo ndogo ya mama kwenye kabati la jikoni na misumari minne, nikapanda basi. Shuleni nilifagia makombo, nikaosha vikombe ishirini na kitu, nikasuuza kile kitambaa hadi maji yakawa safi, nikakitundika kwenye ule msumari wa kando ya mlango ilipokuwa orodha ya zamu. Ubao sikuugusa. Niliupita kwa mbali kidogo, kama unavyompita mtoto aliyelala.

Halafu nikachukua kadi. Bibi alikuwa amekata kwa kalamu yale maneno juu ya mwalimu, akaacha mstari wa kwanza tu, na chini yake ameacha nafasi. Aliniambia niandike hapo kwa lugha ya kwetu, asije akatokea mwingine aliyelelewa vizuri kama mimi. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa mviringo: Usifute. Hata kama ni zamu yako.

Nikaipigilia ukutani kando ya ubao kwa misumari minne, mmoja kila pembe, nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo chini ya ndoo ya maua, nikaenda kanisani.